Gari la Kifahari Huzeekea Mianyani

Gari la kifahari halianzi kuzeeka kwenye rangi. Huanzia mianyani: chini ya raba za madirisha, nyuma ya grili, kwenye shingo za vioo vya pembeni, chini ya waipa na kuzunguka nembo. Huko ndiko vumbi la Barabara ya Outer Ring ya Nairobi na tope la mtaa wa Utawala hujificha wiki baada ya wiki, na huko ndiko sabuni kali hukaukia bila mtu kuiona. Mwenye gari hulipia kuoshewa kila Jumamosi, na gari linang'aa ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Sogea karibu. Ukanda unaozunguka madirisha una madoa meupe yasiyotoka, plastiki ya bampa imepauka, raba ya mlango imevimba na kulegea. Watu husema gari limechoka. Mara nyingi halikuchoka lenyewe. Limechoshwa na namna linavyooshwa.

Ushauri huu ni wako wewe wa Buruburu, Donholm, Umoja, Komarock au Nyayo Embakasi, uliyejinyima mengi hadi ukanunua Mercedes, BMW, Audi, Lexus au Range Rover, na sasa unataka likutumikie likiwa na heshima yake. Nina jambo moja kuu la kukuambia: mianya haitaki nguvu. Inataka maji, zana laini na muda. Uharibifu mwingi nitakaoutaja hapa hutokana na mtu kutaka kazi ya nusu saa iishe kwa dakika tano.

Kinachoshambulia gari mtaani kwetu

Tuanze na udongo. Magharibi mwa Nairobi kuna udongo mwekundu, lakini huku kwetu, kuanzia Embakasi hadi Ruai, tumekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukiingia kwenye mwanya ukiwa tope, hukauka ukawa mgumu, na mvua ikirudi huvimba tena palepale. Ukiufuta ukiwa mkavu, punje za mchanga zilizomo ndani yake hukwaruza rangi na kromu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kuulowesha kabla ya kuugusa.

Kisha kuna jua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na haifiki nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Mionzi ya urujuanimno hupiga plastiki nyeusi na raba mwaka mzima, hasa kwa gari linaloshinda nje kwa sababu ploti haina mahali pa kuegesha penye kivuli.

Maji nayo yana mambo yake. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na mitaa yetu huyapata kwa mgao. Mfereji ukikauka tunageukia visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yana floridi nyingi na chumvi nyingine. Yakikaukia kwenye kioo au kromu huacha alama nyeupe za mviringo, na alama hizo zikikaa kwa miezi huwa ngumu kutoa.

La mwisho ni umri. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari linaloshushwa Mombasa kutoka Japani likiwa na miaka saba lina raba za miaka saba pia. Isitoshe, kaskazini mwa Japani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Kabla ya kulipa, chuchumaa uangalie skrubu za namba, kingo za chini za milango na mabano ya bampa. Kutu iliyoanzia huko haiondolewi na usafi wowote.

Jua unachogusa kabla ya kukisugua

Si kila kinachong'aa ni kromu. Grili ya mbele na nembo mara nyingi ni plastiki iliyopakwa kromu juu ya tabaka la nikeli. Kromu yenyewe ni nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Waya ya kusugulia sufuria ikipita hapo mara chache tu, kromu inaondoka, na maji yanaanza kupenya chini yake.

Ukanda unaozunguka madirisha ya magari mengi ya Kijerumani ni kitu kingine kabisa. Huo ni alumini iliyotengenezewa ngozi nyembamba ya oksidi kiwandani. Ngozi hiyo haistahimili alkali kali wala asidi kali. Sabuni ya unga ya kufulia ni alkali. Dawa ya kuondolea grisi kwenye injini mara nyingi ni alkali zaidi. Asidi ya kusafishia choo, ambayo wengine huipaka kwenye rimu ili zing'ae haraka, hurukia ukanda na kuula vilevile. Yale madoa meupe unayoyaona si uchafu. Ni mahali ambapo ngozi ya alumini imeliwa. Polishi ya chuma haiirudishi, na ukisugua kwa bidii utaondoa hata ile iliyobaki. Mtu akikuahidi kwamba ataurudisha ukanda huo kuwa mpya kwa polishi na dakika kumi, mshukuru uende zako. Ukanda ulioharibika hubadilishwa au hufunikwa kwa karatasi maalumu ya vinili.

Utatofautishaje? Kromu huakisi sura yako waziwazi na ina ubuluu kidogo. Alumini kwa kawaida ina weupe uliotulia. Ukibaki na shaka, chukulia kwamba ni alumini, na usiisafishe kwa chochote zaidi ya shampuu ya magari.

Nguzo nyeusi zinazong'aa kati ya milango ya mbele na ya nyuma ni plastiki inayokwaruzika hata kwa kitambaa safi kikiwa kikavu. Iloweshe kwanza, kila mara. Plastiki nyeusi isiyong'aa, ile yenye chembechembe kwenye bampa na kuzunguka matairi, ina tatizo jingine: nta ikiingia katika chembe hizo hukauka ikawa alama nyeupe.

Raba za madirisha na milango nyingi hutengenezwa kwa mpira uitwao EPDM. Mpira huu huvumilia jua na maji vizuri, lakini haupatani na dizeli, petroli wala mafuta ya taa. Mafuta hayo huingia ndani yake, ukavimba, ukalainika na kupoteza umbo. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kishindo kizito cha gari la bei huanza kupiga mluzi wa upepo kwenye Barabara ya Kangundo. Mng'ao wa wiki moja ambao raba huupata ikipakwa dizeli hununuliwa kwa bei ghali sana.

Zana za bei nafuu

Huhitaji kuvuka mji kutafuta vifaa. Tafuta brashi mbili za kupakia rangi zenye nywele laini, za upana wa inchi moja, na uzungushie tepu ile sehemu ya chuma isije ikagusa rangi. Ongeza mswaki laini wa mtoto, pamba za masikio na vijiti vichache vya mshikaki. Kata ncha kali ya kijiti, kisha ukizungushie kitambaa chembamba. Kitaingia mahali ambapo kidole hakiingii. Fulana za pamba kutoka soko la Gikomba zinafaa kwa rimu na sehemu za chini, mradi umekata mishono na lebo. Kwa rangi, kromu na zile nguzo nyeusi, tumia maikrofaiba safi. Weka pia tepu ya karatasi ya wapaka rangi, shampuu ya magari ambayo pH yake ni karibu 7, na ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Ndoo ya pili ndiyo inayozuia mchanga kurudi kwenye gari.

Kuhusu maji, ukiwa na mitungi mitatu ya lita 20 utafanya kazi nzuri bila mpira wa maji. Kama unakinga maji ya mvua, yahifadhi kwa suuza ya mwisho. Hayana chumvi za kisima, kwa hiyo hayaachi alama.

Kazi yenyewe

Anza asubuhi mapema, kivulini, boneti ikiwa baridi. Usiruhusu shampuu ikauke popote. Fanya upande mmoja, usuuze, ndipo uhamie mwingine.

Anzia chini ya waipa. Fungua boneti utazame ile plastiki yenye matundu chini ya kioo cha mbele. Wakati wa maua ya mijakaranda, mwezi wa Oktoba hivi, hapo hujaa maua na majani yanayooza. Yakiziba njia za maji, maji ya mvua hutafuta njia nyingine, na katika magari mengi ya kifahari njia hiyo huelekea kwenye chujio la hewa ya ndani, zulia la abiria au visanduku vya umeme. Toa majani kwa mkono, yakiwa makavu, usiyasukume ndani kwa maji. Kisha mimina maji taratibu kutoka kwenye kikombe na usubiri kuyaona yakitoka chini ya gari, kila upande. Yasipotoka, njia imeziba. Kama gari lina dirisha la paani, fanya vivyo hivyo kwenye pembe zake. Uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ukisukumwa polepole, huzibua vizuri. Usipulize kwa kompresa: presha inaweza kuchomoa mpira wa maji ndani ya paa, na hapo utaanza kushusha dari.

Grili ifuate. Nyunyiza shampuu iliyochanganywa na maji, uiache dakika tatu hadi tano ilainishe wadudu na tope, kisha uingize brashi ya rangi katikati ya pao kwa mwendo mwepesi wa kwenda na kurudi. Brashi ibaki imejaa maji wakati wote. Kwenye Mercedes nyingi za miaka ya karibuni, ile nyota bapa ya katikati ya grili imefunika rada inayopima umbali wa gari lililo mbele. Isafishe kwa kitambaa chenye maji na shampuu tu. Usiipake polishi ya kukwaruza, usiibandike stika, usiifunike kwa rangi. Vile vidude vya mviringo kwenye bampa vinavyokusaidia ukiegesha navyo vifutwe kwa mkono, visipigwe presha kwa karibu.

Kwenye madirisha, pitisha kijiti kilichovishwa kitambaa chenye shampuu kati ya raba na ukanda. Utashangaa wingi wa tope jeusi linalotoka hapo. Badilisha kitambaa kikishachafuka, usuuze, kisha ufute kwa maikrofaiba kufuata urefu wa ukanda bila kuzungusha mkono. Fungua mlango na ufute raba yenyewe pande zote, pamoja na ule mfereji wa chini ambako maji hutuama. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yazibue kwa kijiti cha mbao, sio msumari.

Vioo vya pembeni vinahitaji uangalifu wa pekee jijini Nairobi. Kwa kuogopa wezi, wengi wetu tumechonga namba ya gari kwenye vioo na taa, na tumepigilia riveti kwenye vioo na mapambo ya nje. Namba iliyochongwa hushika polishi ikabaki na weupe. Itoe kwa mswaki wa mtoto na maji ya shampuu. Riveti yenye chuma ndani hupata kutu, na kutu hiyo hutiririka kahawia juu ya kromu kila mvua inyeshapo. Safisha kichwa cha riveti kwa pamba ya masikio, ukikaushe kabisa, kisha ukipake tone la vanishi ya kucha isiyo na rangi. Tone hilo litafunga njia ya maji. Riveti iliyooza ing'olewe na kuwekwa ya alumini.

Nyuma ya gari, fungua fremu ya namba angalau mara mbili kwa mwaka. Tope linalokaa nyuma yake husugua rangi kila gari linapotikisika. Pitisha mswaki kwenye herufi za jina la gari, lakini usizikwangue kwa kucha wala kisu, kwani nyingi zimeshikwa na gundi tu. Kamera ya nyuma ifutwe kwa maikrofaiba yenye unyevu. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta uondoe vumbi lililoganda kwenye bawaba.

Alama za maji ya kisima kwenye kioo na kromu huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu. Ipake kwa kitambaa, usubiri dakika moja, usuuze kwa maji mengi. Kwenye ukanda wa alumini usiiguse kabisa.

Kinyesi cha ndege kisisubiri Jumamosi. Ukiegesha karibu na uwanja wa Nyayo, ambako kongoti, wale korongo wakubwa wenye upara, hulala kwenye miti ya Barabara ya Mombasa, unajua ukubwa wa tatizo hilo. Weka tishu iliyolowa juu ya kinyesi kwa dakika chache, kisha uinyanyue pamoja nacho. Usisugue.

Mwisho wa kuosha ni kukausha. Maji hubaki nyuma ya nembo, ndani ya vioo vya pembeni na chini ya mikanda ya madirisha, halafu hudondoka na kuacha michirizi baada ya wewe kuondoka. Fundi wa pancha aliye jirani anaweza kukupulizia hewa ya kompresa kwenye mianya hiyo kwa mbali kidogo, bila kuelekeza kwenye mipira ya dirisha la paani. Kisha, kila baada ya miezi mitatu hivi, bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki isiyong'aa na upake nta kwenye kromu na mikanda. Kwa raba na plastiki nyeusi, chagua dawa iliyotengenezwa kwa msingi wa maji, yenye kinga ya jua, na uipake kidogo tu.

Ukimwachia kijana wa kuosha

Wengi wetu hatuoshi wenyewe. Tunaacha gari kwa vijana wa mtaani, na wengi wao ni wachapakazi wanaolisha nyumba kwa mikono yao. Tatizo ni kwamba tunawalipa kwa mwendo, kisha tunalaumu kasi yao. Zungumza na kijana kabla maji hayajamwagwa. Atakuuliza, "Mdosi, nikupigie dizeli huku chini na kwa raba?" Mjibu kwa heshima: "Hapana, kijana wangu. Raba ni shampuu tu. Presha usiilete karibu na nembo wala madirisha. Brashi ndizo hizi, na leo sina haraka." Mpe shampuu yako, mwonyeshe mwanya mmoja unavyosafishwa, umwongezee malipo ya muda huo. Akishaelewa, atakuwa na ufundi wa kuwauzia wateja wengine.

Mashine ya presha ina kazi yake, ila mdomo wake ukae angalau sentimita 30 kutoka kwenye gari, na mbali zaidi ya hapo kwenye raba, nembo, taa zilizopasuka na rangi iliyoanza kubanduka.

Kuna sababu nyingine ya kukataa dizeli, na inatuhusu sote. Dizeli inayonyunyiziwa chini ya gari huishia mtaroni, na mitaro mingi ya huku kwetu Eastlands humwaga maji Mto Ngong au Mto Nairobi. Mito hiyo huingia Athi, na Athi huteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kumwaga uchafu wa namna hiyo kwenye mazingira bila leseni. Kituo chenye mtego wa mafuta na mahali maalumu pa kupitishia maji machafu kinastahili pesa zako kuliko kinachoosha magari kandokando ya mto.

Ratiba haihitaji kuwa nzito. Kila wiki, osha kwa shampuu na upitishe brashi kwenye grili na vioo vya pembeni. Kila mwezi, safisha raba, mikanda na matundu ya milango. Kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, kagua njia zote za maji, chini ya waipa na paani. Ukifuata hayo, mikanda yako haitahitaji polishi kali, na raba zako zitaendelea kuzuia maji na upepo.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hujalipia matairi kupakwa weusi, fungua boneti utoe majani yaliyo chini ya waipa, na ile sabuni ya unga uirudishe kwenye karai la nguo. Hayo mawili pekee yatalinda gari lako kuliko polishi yoyote utakayouziwa.